Baiskeli Iliyoacha Kulia

Harufu ya mafuta ya cherehani ilikuwa ndiyo harufu ya Jumamosi nyumbani kwetu Kanoni. Taata, baba yetu, alikuwa fundi wa kushona, na siku hiyo hakushona; cherehani ilisafishwa. Dada yangu Koku, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alifungua kibati cha chini, akafagia vumbi la nyuzi kwenye meno yanayosukuma kitambaa kwa unyoya wa kuku, kisha akadondosha tone moja kila tundu. Mwishoni alishona kitambaa kibovu mpaka mafuta yaliyozidi yaishe. “Usipoziba ufa utajenga ukuta,” Taata alisema, akimwangalia kwa fahari asiyoificha. Alikwisha kuamua kwamba cherehani itakuwa ya Koku.

Ilikuwa miaka ya uhaba baada ya vita. Sabuni ilitafutwa, chumvi ilitafutwa, na kichupa cha mafuta ya cherehani kilifika kutoka Murongo, mpakani, kwa kubembeleza watu. Mimi, mwenye miaka kumi na miwili, nilikuwa na baiskeli ya miti ya kubebea ndizi. Gurudumu lake lilipiga kelele hata jirani yetu mama Yustina akawa ananicheka: “Huyu mtoto haji bila kutangazwa! Ng’ombe wangu wanakata maziwa!” Wenzangu nao walicheka. Siku moja nilipoachwa peke yangu, nikamimina karibu kichupa chote kwenye ekseli. Baiskeli ikanyamaza kabisa. Kisha nikaogopa, nikayeyusha samli ya mama na kujazia kichupa. Rangi zilifanana, nikaridhika.

Jumamosi Koku akatia mafuta kama kawaida. Wiki iliyofuata, asubuhi ya baridi na ukungu, magauni meupe ya kipaimara yakiwa yamelala nusu nusu mezani na askofu akitegemewa Jumapili, gurudumu la cherehani likagoma. Taata alifungua, akachokonoa kwa sindano, akatoa utando wa njano uliogandamana na vumbi.

“Nani alitia mafuta?”

“Ni mimi, Taata,” Koku alisema. “Nilitia ya kwenye chupa.”

“Samli! Umetia samli kwenye chombo kinachotulisha!”

Koku alinusa kichupa. Kisha akageuka akaitazama baiskeli yangu iliyoegemea ukutani, halafu akanitazama mimi. Nilitazama miguu yangu. Kinywa changu kilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, “Ni mimi,” na sikuyasema. Wazazi wa watoto wakaja kuchukua vitambaa vyao, wengine kwa matusi. Taata aliisafisha cherehani kwa mafuta ya taa siku tatu, ikapona, lakini Koku hakuigusa tena. “Mikono yako ni ya jembe,” Taata alimwambia. Akalima, na kabla ya mwaka kwisha akaolewa Igurwa na mtu ambaye hakumpenda. Mimi nilipelekwa sekondari kwa fedha za magauni ambayo Taata alishona peke yake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu mno. Nimeitembea mpaka nikazeeka. Mwaka jana nilikwenda Igurwa nikamwambia. Alikuwa akimenya ndizi, hakuacha.

“Nilijua siku ile ile,” alisema. “Baiskeli yako iliacha kulia.”

“Kwa nini hukusema, dada?”

“Nilikuwa nangoja useme wewe.”

Nikamwambia cherehani ya Taata ninayo, nitamletea. Alicheka kidogo, akaninyooshea vidole vilivyopinda kwa jembe. “Uniletee na macho ya kutunga sindano.”

Siku hizi mafuta ya cherehani yanauzwa kila duka, hata Murongo yamepangwa karibu na biskuti. Mimi ninayo chupa nzima. Kila Jumamosi nafungua kibati, nafagia kwa unyoya, natia tone moja kila tundu, kama alivyofanya yeye. Nikizungusha gurudumu linakwenda jepesi, bila sauti yoyote. Ukimya huo ndio nisiouweza.