Vidonge vya Zinki vya Yaya

Kwetu Lubumbashi kaka mkubwa tunamwita yaya. Wangu alikuwa fundi cherehani, akishonea nguo chumbani kwake, ghorofa ya nne, mtaa wa Joubert Park, huku ugenini tulikohamia. Zinki alianza kuimeza kwa sababu yangu. Wakati wa korona kila mtu kanisani kwetu alikuwa na dawa yake ya kumgawia mwenzake, nami nikampelekea yaya kopo la vidonge vya zinki. Ugonjwa ukapungua, yeye akaendelea: viwili asubuhi, viwili jioni, mwaka baada ya mwaka. Kopo likiisha, nilimletea jingine. Hatukumwuliza mtu.

Kisha miguu ikaanza kufa ganzi, akawa anachoka kwa kupanda ngazi tu. Hospitali wakampima damu, wakakuta madini ya shaba yamebaki kidogo mno. Zinki ikizidi tumboni huizuia shaba isiingie mwilini. Picha ya tumbo ikaonyesha jambo la pili: mshipa mkubwa unaoshusha damu kutoka moyoni ulikuwa umetuna mahali pamoja.

Daktari alieleza kwa Kiingereza, mimi nikatafsiri.

"Mtoto wa Katanga, kule banachimba shaba, anakosa shaba?" Yaya akacheka. "Usiambie watu ya kwetu. Batanicheka mpaka kwenye matanga."

Nilimweleza kwa lugha ya kazi yake. Ukuta wa mshipa una nyuzi zinazovutika kama lastiki ya kiunoni mwa sketi. Mwili unahitaji shaba ili kuzifunga nyuzi hizo pamoja. Ikikosekana, ukuta hulegea, damu inausukuma, nao unatuna. Unaweza kupasuka.

"Basi banirudishie shaba, lastiki ikaze."

"Damu itapata nguvu, yaya, na pengine miguu pia. Lakini lastiki iliyolegea hairudi. Lazima wakupasue."

"Na ni ile vidonge?"

Swali hilo nilikuwa nimeshamwuliza daktari. Kwa wanyama waliokosa shaba imeonekana wazi kwamba mshipa hulegea hivyo, alisema. Kwa binadamu ni vigumu kujua, na huyu amevuta sigara miaka mingi, ana presha pia. Nikamwambia yaya hivyohivyo. Akanipiga begani, akasema twende nyumbani.

Aliacha zinki, akapewa shaba, rangi ikamrudia usoni. Tulikuwa tukingoja zamu ya upasuaji. Mshipa haukungoja. Ulipasuka asubuhi moja akiwa kwenye cherehani, anashona sare za kwaya.

Baada ya mazishi shemeji, mke wa yaya, alikuwa akizikunja sare ambazo hazikumalizika.

"Ni zile dawa ulizokuwa unaleta?"

Nikakaa chini, nikamweleza polepole kama nilivyozoea: zinki, shaba, nyuzi, sigara, presha, na yale ambayo hata madaktari hawana hakika nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Nimeelewa, shemeji," alisema. "Sasa niambie. Ni zile dawa?"