Uongo wa Alhamisi Kuu

Tangu Jumatano ya Majivu, Loy Athieno hakumpenda Mzee Egau. Mtu mgeni mjini Busia, hajulikani kaja kwa nani, anapakwa majivu kisha anabaki kanisani akiwatazama watu usoni mmoja mmoja, kama anayemtafuta ng'ombe wake katika zizi la jirani!

Nyakati zenyewe hazikuwa za kumwamini mtu. Baada ya uchaguzi, gari lisilo na namba lilipita mitaani likizoa vijana walioandamana. Moses, mwanawe Loy, aliponyoka. Majirani waliambiwa ameenda kulima kwa wajomba Iyolwa. Kumbe alikuwa ng'ambo tu, Busia ya Kenya, akilala nyuma ya kibanda cha fundi viatu. Loy alikuwa akivuka mpaka na beseni la mihogo ya kuchemsha, akimpitia mwanawe, na kila safari alibadili njia.

Kwaresima ikaendelea. Egau akajiunga na jumuiya yao iliyosali nyumba kwa nyumba. Zamu ya Loy ilipofika, Egau aliketi karibu na mlango, akaitikia kila sala, ila macho yake hayakutoka kwenye koti la Moses lililoning'inia ukutani.

"Mama Moses," aliuliza wengine walipotoka, "kijana hayuko siku hizi?"

"Kijana ni mkubwa. Anatafuta maisha."

"Anatafutia wapi?"

"Mzee, wewe nakuja kusali ama nakuja kuuliza?"

Egau akainamisha kichwa, akaaga. Katekista akamwonya Loy kwamba mgeni hupokelewa kwa upendo. Loy akaitikia, "Ndiyo, katekista," na moyoni akasema hata Yuda alikula mezani pamoja na wenzake.

Alhamisi Kuu, Egau alikuwa miongoni mwa waliooshwa miguu. Nyayo zake zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Mpelelezi gani anatembea hivi? Loy alijiuliza, kisha akajijibu kwamba ndivyo wanavyojificha. Misa ilipokwisha, mzee akamfuata tena hadi uani, akauliza lile lile. Loy akaona amtegee.

"Moses yuko Kisoko," alisema akitazama kando. "Kwa wifi yangu Lillian."

Alipofika nyumbani akampigia Lillian simu, akamwambia akae macho. Gari likifika Kisoko, basi mtu wao atakuwa amejulikana.

Ijumaa Kuu, kwenye Njia ya Msalaba, Egau hakuonekana. Alasiri simu ikalia.

"Gari hapana," Lillian alisema. "Ni mzee, amekuja kwa miguu. Vijana hapa wamemwita mpelelezi, wamempiga. Yeye nalia tu, eti anamtafuta mtoto wake, Edgar."

Loy alimjua Edgar kwa jina. Moses alikuwa amemweleza habari za kijana mmoja wa Malaba aliyekimbia naye siku ile ya gari.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi Kisoko. Alimkuta Egau kwenye baraza ya Lillian, mdomo umevimba, kikombe cha uji mkononi hakijaguswa.

"Ni mimi nilikudanganya, Mzee."

"Nilijua. Hukunitazama."

"Sasa kwa nini ulikuja?"

"Pengine pote nimeshafika, mama. Huku nilikuwa bado."

"Ungesema tangu mwanzo ni mwanao!"

"Ningejuaje nani anawauza watoto? Niliambiwa tu alikimbia na kijana wa Busia. Hata wewe nilikuogopa."

Hata hapo Loy hakulegea. Alimuuliza Edgar alikuwa amevaa nini.

"Fulana ya mpira, ya manjano. Begani ilichanika, mama yake akaishona kwa uzi mweusi."

Ndivyo Moses alivyosema, mpaka uzi. Loy akamwomba radhi, akilia kwa sauti.

Jumapili ya Pasaka, baada ya misa ya asubuhi, wakavuka. Alimtaka Egau afuate kwa mbali, na yeye akawa anageuka kila mara kuangalia nani yuko nyuma yao. Moses alipomwona mgeni nusura aruke ukuta.

"Tulia. Ni baba yake Edgar."

Moses akakaa, akaeleza. Walifika kwenye ua wa mabati, Edgar akamsukuma yeye kwanza apande, ndipo akakamatwa. Walipompeleka garini alikuwa akitembea mwenyewe, akipiga kelele ili watu wasikie: "Mimi ni Edgar wa Egau! Mwambieni baba!"

"Alikuwa akitembea?"

"Alikuwa akitembea, Mzee."

Egau akafunika uso kwa kofia yake. Baadaye akaomba aelezwe tena tangu mwanzo, na Moses akaeleza, huku Loy akimenya mihogo na kuiweka mbele yao.

Jioni hiyo Loy alimhamisha Moses, wala hakumwambia Egau ni wapi. Mzee naye hakuuliza. Lakini Jumanne walipanda gari pamoja kwenda Tororo. Askari kwenye lango la kituo cha polisi alipotaka kujua wamefuata nini, ni Loy aliyetangulia kusema:

"Tumekuja kumuulizia kijana wetu. Anaitwa Edgar."