Nani Alikuwa Anakula Vitamini Zangu?

Jamani, kopo langu la vitamini lilikuwa linaliwa.

Asubuhi nameza vidonge vyangu, nafunga, naliweka juu ya kabati la vyombo. Jioni nikirudi nikilitikisa, nasikia kabisa kwamba limepungua.

Nikafikiria panya. Lakini panya gani huyu anayefungua kifuniko, anameza, halafu anafunga vizuri kuliko mimi?

Nyumbani tulikuwa mimi, mke wangu, binti yetu mchanga na mama mkwe, aliyekuja kumhudumia mzazi. Mtoto nilimwondolea lawama, hata shingo ilikuwa haijakaza. Mke wangu vidonge mpaka abembelezwe. Mama mkwe sikumfikiria kabisa, mtu na heshima zake!

Mtajiuliza, kinyozi kama mimi na vitamini wapi na wapi?

Ni mikono. Ilikuwa inawasha, inapasuka katikati ya vidole, mpaka nikimpaka mteja spiriti kichwani, anayepiga kelele ni mimi.

Nilienda hospitali. Daktari wa ngozi, mama mmoja mpole, akasema ni ukurutu. Akanipa dawa ya kupaka, akanisisitizia mafuta mazito na glovu kazini. Nikamuuliza kuhusu vitamini. Akasema kama mwili haujapungukiwa, kumeza za ziada hakutaisaidia ngozi.

Ndiyo daktari, ndiyo daktari. Nikatoka, dawa nikaitupia kwenye begi.

Maana siku hiyo hiyo mteja wangu, fundi friji, akiwa kwenye kiti na povu mpaka masikioni, alisema shemeji yake alipona ngozi kwa vitamini. Sisi vinyozi chuo chetu ni kile kiti. Fundi friji akamfunga daktari magoli hata sikuyahesabu.

Na lile neno ukurutu sikulifikisha nyumbani. Niliona ni ugonjwa wa watoto, utanishushia hadhi. Nikasema, "Ni mambo ya kazi tu."

Binti alipozaliwa, nikanyoosha mikono nimpokee. Mama mkwe akaniwahi.

"Mkwe wangu, unisamehe. Mikono hiyo na mtoto mchanga, hapana. Ipone kwanza."

Nikamtazama mke wangu. Naye alikuwa hoi.

"Vumilia kidogo, mume wangu."

Nikavumilia. Nikawa namtazama mwanangu kutokea mlangoni. Majirani wanakuja, wanambeba, wanasema kafanana na baba yake, na baba mwenyewe nimesimama pale mikono nyuma. Iliniuma, sitawadanganya. Kuna siku niliingia bafuni nikafungulia maji ili nisisikike.

Basi nikazidisha vitamini. Nikazidisha na mdomo.

"Mama, hizi vitamini ni balaa!" kila jioni mezani. "Tazama hapa panavyolainika!"

Hapakuwa pamelainika popote. Nilikuwa napiga debe tu, nikitumaini ataona nimepona anipe mtoto.

Siku moja umeme ukakatika mchana, mashine zikazima, nikafunga saluni nikarudi nyumbani. Mke wangu na mtoto wamelala. Naingia jikoni, namkuta mama mkwe kichwa kimeenda nyuma, glasi ya maji mdomoni, kopo langu kwapani.

Mikono ya gauni lake, ambayo siku zote hufika mpaka kwenye viganja, alikuwa ameikunja. Kwa ndani ya kiwiko ngozi ilikuwa imekauka na kupasuka, mabaka kama yangu.

"Mama?"

"Si wewe uliyesema zinaponya?" akanijia juu, utadhani aliyekamatwa ni mimi.

"Mama, na mikono hiyo unambeba mtoto?"

"Huu ni ukurutu. Ninao tangu usichana, nimelea wanangu wote nao, na hakuna niliyemwambukiza."

"Sasa mimi umeninyima mtoto kwa nini?"

"Wewe ulisema mambo ya kazi! Na kazi yako si kushika vichwa vya watu? Nikajua ni mapunye ya wateja!"

Nikakaa hapo hapo sakafuni.

"Mama, hata mimi ni ukurutu. Daktari aliniambia."

"Alikuambia lini?"

"Kabla mtoto hajazaliwa."

Mama mkwe akaiweka glasi mezani taratibu. Nadhani alikuwa anatafuta tusi ambalo mkwe anaweza kuambiwa, akakosa.

Tukaenda wote wawili kwa yule daktari. Tumekaa benchi moja, tunajikuna kwa zamu. Akathibitisha kwamba ukurutu hauambukizi. Vitamini akasema tuziache, nyingine zikizidi zinadhuru. Kisha akanigeukia.

"Ile dawa niliyokupa imekusaidia?"

"Bado ipo, daktari."

"Ipo wapi?"

"Kwenye begi."

Mama mkwe alicheka mpaka akalala begani kwa daktari wa watu.

Tulipofika nyumbani hakusubiri hata nivue viatu. Akamchukua binti kwa mama yake, akaniwekea mikononi.

"Shika kichwa," akasema. "Ndiyo hivyo."

Nikamshika. Binti akanitazama usoni vizuri, akaona mgeni, akaangua kilio. Nikambembeleza kwa kila nilichojua. Wapi! Jirani wa mlango wa pili akaingia kujua kulikoni, akamchukua, na mtoto akanyamaza, akamtabasamia.

"Ameanza lini kutabasamu?" nikauliza.

"Mbona muda!" akajibu jirani.

Ngozi yangu sasa ina nafuu, ingawa ikiamua kurudi inarudi, na dawa napaka. Binti naye amenizoea. Lakini jamani, mkiambiwa jina la ugonjwa wenu hospitali, lifikisheni nyumbani. Mwanangu alitabasamu mara ya kwanza akiwa mikononi mwa watu wengine, na mimi baba yake nilikuwa mlangoni nasifia vidonge.