Majina ya Kujazia

Filamu ikiisha, watu huinuka, hutafuta viatu na simu, na majina hupanda kwenye skrini bila mtu wa kuyasoma. Bwana aliyekuwa akiyaandika majina hayo alilijua hilo, na ndilo lililompa jeuri. Kazini walimwita Karani. Alifanya kazi chumba cha juu ya duka la rangi, na kompyuta moja na feni iliyogoma kugeuza shingo.

Mbaya hakuwa. Tabia yake ilianza kwa jambo dogo la kikazi. Majina hupangwa safu mbili, kulia na kushoto, na yasipogawanyika kwa mbili, chini hubaki pengo. Pengo hilo lilimkera kama jino lililong'oka. Siku ya kwanza akaliziba kwa jina la mkewe: msaidizi wa mapambo. Mke alipoliona alicheka hadi akakaa chini. Filamu iliyofuata akaingia mama mkwe, mshauri wa nywele. Kisha kinyozi. Kisha jirani aliyewahi kumwazima ngazi. Ukweni wakaacha kumwita "yule wa kompyuta". Akifika anatolewa kiti chenye mto, filamu inasimamishwa penye jina, na mama mkwe anapigiwa makofi utadhani kweli amewahi kumsuka mtu.

"Wakikugundua je?" mkewe alimuuliza siku moja.

"Nani anasoma majina, mke wangu?"

Sasa ikaja filamu ya bibi harusi. Gauni lilikuwa moja tu, jeupe, la kuazima, na lilitakiwa limwagikiwe damu. Damu yenyewe ilikuwa sharubati na rangi ya chakula. Mwongozaji hakuwa mtu wa kuridhika. Tukio hilo alilirudia siku tisa, na kila asubuhi alitaka gauni liwe jeupe pee. Aliyelirudishia weupe wake ni mama mmoja mtu mzima, akifua kwenye karai nyuma ya jengo kwa maji baridi na sabuni ya mche, maana dawa kali ingekula kitambaa. Walimwita Mama Dobi. Siku ya tisa ngozi ya vidole vyake ilikuwa inabanduka, na mwongozaji akamwambia mbele ya watu wote kwamba jina lake litatoka.

Na kweli lilifika kwa Karani, mstari wa mwisho wa orodha. Lakini wiki hiyo shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa amenuna. Mama ametoka, dada ametoka, hata kinyozi ametoka, yeye je? "Au mimi si ndugu?" alimwandikia. Karani akatafuta pengo, hakuna. Majina yalitimia, na wimbo wa kuyapandisha ulikuwa dakika moja na nusu, hauongezeki. Kuingiza mmoja ni kutoa mmoja. Akashuka mpaka mstari wa mwisho, akaufuta, akamwandika shemeji: msaidizi wa taa. Kisha akaenda kula. Tusimtafutie visingizio, alikula akashiba.

Filamu ilionyeshwa Jumapili alasiri, kwenye ukumbi wa viti vya plastiki. Ukweni walishajaza mstari wa nyuma, shemeji amevaa suti. Karani alikuwa mlangoni na shati jipya alipomwona Mama Dobi anakuja, gauni lake limepigwa pasi mikunjo imesimama, na dada yake, na wakwe zake wawili, na mjukuu wa kike wa miaka kumi hivi. Wote wamevaa nguo za kutokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wameniambia wewe ndiye unayeandika majina. Hebu niambie, langu liko mwanzo au mwisho? Maana mimi kusoma sijui. Nilifundishwa jina langu tu, niweze kutia sahihi. Nikiliona nalijua."

Karani angeweza kusema ukweli pale pale, nafasi ilikuwepo. Akasema, "Mwisho mwisho, mama."

"Haya. Nitangoja mwisho mwisho."

Filamu hakuiona. Alikuwa akitazama kisogo cha yule mama, safu ya tatu. Damu ilipomwagika kwenye gauni, ukumbi ukaguna, na dada yake Mama Dobi akamshika vidole akavifumbata. Karani akainamisha kichwa. Aliona haya hata masikio yakamwaka.

Wimbo ukaanza, watu wakainuka. Mama Dobi naye akainuka, akageuka. "Jamani, naomba tukae kidogo, kuna majina." Kwa kumstahi, wakakaa. Basi kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, majina ya Karani yakasomwa na ukumbi mzima. Mama Dobi aliinua kidole kidogo tu, usawa wa kifua, tayari kuonyesha. Likapanda la mwisho, la shemeji, na mstari wa nyuma ukalipuka kwa makofi. Skrini ikawa nyeusi. Kidole kilikuwa bado juu.

"Umeliona?" dada yake akauliza.

"Nimeliona," alisema Mama Dobi, na wakwe zake wakamkumbatia.

Karani akaponyoka hadi kwenye korido, penye bomba la maji. Hakukaa sana, Mama Dobi akamfuata, peke yake.

"Mwanangu, niwie radhi. Umehangaika kuniandika, halafu macho yangu yameshindwa. Yalipita mbio. Wale nimewadanganya kwamba nimeliona, nisiwavunje moyo. Unaweza kunionyesha mara moja tu?"

Kuna aibu ya kushikwa, na mtu akishikwa hupata hata hasira za kujitetea. Yeye hakuwa ameshikwa. Alikuwa anaombwa radhi, na hilo hakuwa na pa kuliweka.

"Macho yako hayana kosa, mama. Halikuwepo. Nililitoa mimi."

"Ulilitoa."

"Nikamwandika shemeji yangu."

Kupitia mlangoni walimwona shemeji chini ya skrini, mikono kiunoni, anapigwa picha. Mama Dobi alimtazama.

"Yule alifanya nini?"

"Hakufanya kitu."

Karani alingoja atukanwe. Angeshukuru. Mama Dobi hakutukana, akabaki anajisugua vidole. "Nitalirudisha, mama," Karani akasema. "Kesho asubuhi. Nitaliweka la kwanza."

"Liweke. Lakini hawa wangu wamekuja leo."

Hapo wengine wakatokea, mjukuu mbele. "Bibi," alisema, "mimi nimesoma yote mpaka mwisho. Lako sijaliona."

Wakwe wakatazamana. Mama Dobi alimgeukia Karani, akangoja.

"Lilikuwepo," Karani akasema. "Lilikuwepo mwisho mwisho. Nililipitisha mbio mno. Kosa ni langu."

"Si nilikwambia?" Mama Dobi alimwambia mjukuu wake, akamshika mkono. Hakumtazama Karani tena. Wakaondoka wote, wakipita kando ya shemeji, aliyekuwa anampungia Karani mkono aje wapige picha ya pamoja.