Mawese Ndani ya Pompi

Mukuku, chuma cha chini ya boti yetu ya tanga, unapiga teke kama ng'ombe dume wa milima ya Pepa aliyefungiwa nyumbani. Ziwa likikasirika, chuma kile kinagonga tumbo la boti, mbao zinalia, na wanaume wazima wanaita mama zao. Ni kizito, kina umbo la shoka. Kinashuka majini ili upepo usitupindue, kinapanda tukifika muchangani. Hakivutwi na kamba. Unasukuma pompi kwa mukono, mafuta yanapita ndani ya tiyo, na mafuta njo yanabeba chuma. Mafuta yenyewe yanatoka Kigoma, mepesi, karibu meupe.

Fundi wake njo mujukuu wangu, mutoto wa binti yangu. Kazi aliijulia kule Bendera, kwa watu wa mitambo ya umeme. Wanaume wa ufukweni walimucheka, eti mwanamuke gani anaoga grisi. Akasukuma pompi, na chuma kikapanda. Mimi sikusoma, lakini nilizunguka soko zima nikiwaambia yule ni wangu.

Alikuwa na sheria: usiingize mukono katika shimo mukuku unamopandia kabla ya kuweka gogo la mukalitusi chini ya chuma. Alisema mafuta yanachoka kama mutu.

Siku ile boti ilikuwa nchi kavu, juu ya magogo. Yeye alilala chini yake akikwangua kutu, gogo limewekwa, mukono umeingia shimoni. Mimi nilikuwa kando nikianika ndagala, samaki wetu wadogo. Tiyo likapasuka kama risasi. Chuma kikaanguka, gogo likapasuka, mujukuu wangu akapiga kelele.

Nikaona wekundu unashuka, muzito, unanywewa na muchanga mpaka miguuni kwangu. Nikapiga magoti kuuzuia kwa viganja. Ulinuka kama jikoni.

Mawese.

Tulikuwa tumemutuma mwanangu wa mwisho, mujomba wa mujukuu wangu, atafute mafuta ya pompi. Boti ya Kigoma ikachelewa. Na sisi watu wa huku mawese, haya mafuta mekundu ya muchikichi, tunapaka kila kitu: chakula, ngozi ya mutoto, kidonda cha moto, bawaba ya mulango. Naye akajaza hayo ndani ya pompi. Yakaharibu mipira ya ndani, tiyo likaziba mpaka likapasuka.

"Mafuta si ni mafuta, Mama," akaniambia, macho kwenye ziwa.

Nikamupiga mugongoni kwa pagai, kasia letu, mpaka likavunjika. Nikaendelea na kipande kilichobaki. Sauti ya mujukuu ikatoka chini ya boti, ikiniita mimi bibi yake:

"Kambo, utamuua baadaye. Kwanza aninyanyulie chuma."

Mwanangu akaingiza bega. Wamama wa samaki wakaingiza miti, wakakandamiza huku wakimutukana. Damu ikamutoka puani, ya kweli sasa, na chuma kikapanda kidogo. Tukamuvuta mutoto. Gogo lilikuwa limeokoa mukono, lakini kiganja kilikuwa bapa kama samaki mukavu. Hospitali wakakata kidole cha mwisho.

Alipopona akabadilisha mipira na tiyo, akajaza mafuta ya Kigoma, akapandisha chuma. Akamuita mujomba wake, akamupa kikwangulio. Mwanangu akatafuta gogo jipya. Mujukuu wangu alikuwa amelikalia.

"Lala, Mujomba. Mafuta si ni mafuta?"

Akalala. Alikwangua akilia, muchanga ukimujaa mudomoni, na kila mara pompi ilipolia alikojoa kidogo. Mujukuu wangu wa vidole vinne hakunyanyuka juu ya gogo. Na mimi nilikaa upande wa pili, kipande cha pagai mapajani, asije akatokea huku.