Shimo la Mafuta Nyuma ya Hoteli ya Mama

Harufu ya mafuta ya ng'ombe yaliyoganda juu ya maji baridi hunichefua hadi leo. Juzi nilifunua sufuria ya supu iliyosahaulika jikoni kwangu, nikaona ule utando mweupe umepasuka katikati na maji ya kijivu yanachungulia, nikatoka mbio mkono mdomoni. Mume wangu alicheka sana. Yeye hajawahi kuzamisha mkono katika shimo la mafuta, kwa hiyo nimemsamehe.

Mama alikuwa na hoteli ndogo karibu na kituo cha kupimia majani chai, huku kwetu Bomet. Wachumaji wakishapima majani walikuja kwake moja kwa moja, aproni zao za plastiki zikidondosha maji ya mvua, wakaagiza matumbo na chapati. Maji ya sinki hayakwenda bondeni moja kwa moja. Yaliingia kwanza katika shimo la saruji nyuma ya jiko, lenye mfuniko mzito, ndipo yakaendelea na safari yake kwenye bomba. Mimi nililijua shimo hilo kama mahali pa kukalia nikimenya viazi. Halikunuka, basi sikuwa na sababu ya kuuliza lina nini ndani.

Kisha mama akateleza kwenye matope, akavunjika mguu, akalazwa hospitalini Longisa. Shangazi Chelangat, dada yake baba, akaja kushika hoteli. Mama alimwomba jambo moja tu, kwamba akirudi aikute iko wazi. Sisi hatukuwa na shamba la chai wala ng'ombe wa kutosha. Hoteli ndiyo iliyotulisha na kutupeleka shule.

Shangazi hakuwa mvivu. Aliamka mapema, aling'arisha sufuria, na chapati zake zilikuwa laini kuliko za mama, ingawa hilo sikulisema kwa sauti. Lakini baada ya muda harufu ikaanza kutoka pembeni mwa ule mfuniko. Mwanzoni ilikuwa kama maziwa yaliyolala, halafu kama panya aliyefia darini, halafu ikawa kitu kisicho na jina, kinachokaa kooni ukimeza mate. Shangazi alifanya kile ambacho mwanamke yeyote safi wa kwetu angefanya. Alichukua mavi mabichi ya ng'ombe, akayachanganya na udongo na majivu, akasiriba mfuniko wote kama anayesiriba nyumba ya bibi harusi. Alilainisha kwa kiganja mpaka pakang'aa.

"Sasa hata mgeni anaweza kukaa hapa," alisema, akarudi nyuma kupatazama vizuri.

Kwetu mavi ya ng'ombe si uchafu. Ndiyo yanayofanya sakafu ipendeze. Harufu ilikufa, nasi tukampongeza. Sinki lilipoanza kushusha maji kwa uvivu, shangazi alimwaga birika zima la maji yanayochemka, yakashuka yakinguruma. Tukampongeza tena.

Siku ya soko, hoteli ikiwa imejaa, bomba la sinki lilicheua. Samahani, lakini sina neno lingine. Maji ya kijivu yalipanda, yakamwagika sakafuni na kwenda hadi chini ya meza, yakibeba majani ya chai, vipande vya matumbo na madonge meupe yaliyoteleza kama sabuni. Donge moja lilitua juu ya kiatu cha dereva wa lori la chai.

"Weh! Mama, hii nayo ni ya meza gani?" aliuliza, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshatoka nje kutapika. Wengine walimfuata, na habari ikamfikia bwana afya, aliyekuwa hapo sokoni akikagua bucha. Alisimama mlangoni, leso puani.

"Nakuja kesho asubuhi, mama. Nikipata hii kitu hivi, nafunga."

Shangazi alimpigia mama simu. Nilikuwa nimebandika sikio langu kwenye simu pamoja na lake.

"Maji moto ya nini sasa?" mama alifoka toka kitandani. "Hiyo shimo ni ya kupoesha! Maji ikitulia, mafuta inapanda juu inaganda, maji safi inapita chini kwa paipu. Mkimwaga moto, mafuta inayeyuka inapita, inaenda kuganda mbele. Na ikijaa haishiki kitu tena. Inatakiwa kutolewa kila wiki."

"Na nani alikuwa anatoa?" shangazi aliuliza.

Mama alilikwepa swali. "Toeni tu. Yote. Kwa mkono."

Tulibomoa ile siriba nzuri, tukainua mfuniko. Ndani kulikuwa na godoro la mafuta, la manjano juu, jeusi pembeni, likitembea kwa funza. Mkono wa shangazi ulikuwa mnene, haukufika kwenye kona, kwa hiyo nililala kifudifudi mimi, nikachota kwa mkebe na mahali mkebe uliposhindwa nikachota kwa vidole. Uvuguvugu wake ndio ulionimaliza. Sikutarajia uozo uwe na joto. Shangazi alichanganya kila ndoo na maranda ya mbao na kuifukia mbali na mto, akitapika na kuomba Mungu kwa zamu. Bomba tulilizibua kwa fito za mwanzi.

Asubuhi bwana afya alifungua mfereji wa sinki, akasikiliza maji yakishuka, akachungulia shimo. "Sawa. Lakini hii ni kazi ya kila wiki, si ya siku ninayokuja." Akaondoka, na wateja wakarudi mmoja mmoja.

Shangazi aliniwekea chapati moto na chai ya maziwa kunishukuru. Nilizitazama mpaka zikapoa. Yeye pia hakugusa chakula chake.

Sasa, mama alikuwa mtu wa kufunga. Kila Jumatatu hakutia kitu kinywani hadi jioni, na kanisani walimheshimu kwa hilo. Mchungaji alimtaja mbele ya kina mama wote kama mfano wa maombi. Nilikua nikijivunia. Nilikuwa tayari na watoto wangu nilipokumbuka ile chapati iliyopoa, nikamuuliza shimo alikuwa akilisafisha lini.

"Jumatatu alfajiri, mkiwa mmelala."

"Na kufunga, mama?"

Alinitazama kama mtu aliyeshikwa, kisha akacheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. "Sasa ningewaambia nini wateja, mwanangu? Kwamba mpishi wao ameshindwa kula?"