Kaloli Aliyefungwa Miguu

Emérance alikuwa na ulimi mkali, na asiyemjua alimwogopa bure. Alivuka mpaka wa Bwera mwaka 1964 pamoja na mumewe, Jean-Bosco, wakikimbia vita upande wa Beni, wakaishia Katwe kuchimba chumvi ya ziwani. Watoto hawakujaliwa, na mume akafa. Miaka tisa baadaye alikuwa bado anashinda ndani ya yale maji makali, miguu ameizungushia vitambaa, maana chumvi ikikaukia kwenye ngozi huila hadi iwe kidonda.

Ndipo alipomwokota kaloli, lile dege lenye upara na mfuko shingoni, bawa limevunjika. Watu walimcheka: ndege wote hawa, akafuge mla taka! Akawaambia wamwache, angalau nyumbani kuna pumzi mbili. Alimlisha matumbo ya samaki, akamwita Bosco. Hapo wakaacha kucheka.

Kiangazi kilipopamba moto, aliona miguu ya ndege imejaa weupe, akajua, kama mchimba chumvi yeyote wa Katwe angejua, kwamba chumvi inamla mwenzake. Akaiosha, akaipaka mawese, akaifunga vitambaa toka juu hadi vidoleni. Akienda kazini alimfungia kwenye kibanda cha mabati, mbwa wasimpate. Ndege akawa anatweta, mdomo wazi. Emérance akadhani ni njaa, akamwongezea samaki. Masikini!

Siku ya nne alimkuta amelala ubavu, mwili wa moto kama sufuria. Akamwita jirani yake Enoka, aliyewahi kuwabebea mizigo watafiti wa ndege kule mbugani. Enoka alifungua vitambaa taratibu.

“Mama, hii si chumvi. Ndege hana jasho. Joto likizidi, huyu anajinyea miguuni makusudi. Yale majimaji yakikauka, damu ya miguuni inapoa, na mwili wote unapoa.”

Emérance aliuliza kama kuna la kufanya. Hakuna, akajibu Enoka, ndege amekwisha kufa. Kisha, kwa kutaka kumliwaza, akamwambia asijilaumu sana. Hata yeye alimwona ndege siku ya Jumanne na vile vitambaa, akadhani ni mchezo, akacheka na kupita.

Emérance akaviokota vile vitambaa.

“Mimi nilimuua kwa mapendo,” akasema. “Wewe ulijua, ukapita.”

Hakumsemesha tena Enoka, wala mtu mwingine pale mtaani. Kesho yake aliingia ziwani kama kawaida.